Maswali ya Wasomaji: Nani Hasa Alitawala Jamhuri ya Roma?

SWALI: Katika somo la historia tulifundishwa kwamba Jamhuri ya Roma ilikuwa na matabaka mawili, mapatrisia waliokuwa matajiri na waplebei waliokuwa maskini, na kwamba waplebei walishinda walipopata haki ya kuwa makonsuli. Ikiwa walishinda, mbona familia chache ziliendelea kutawala? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Mgawanyo huo ulikuwa wa nasaba, si wa mali, na kosa hili limewapotosha wanafunzi wengi. Baada ya Mfalme Tarquinius Superbus kufukuzwa, mwaka wa 509 K.K. kwa hesabu ya jadi, madaraka yake yalikabidhiwa makonsuli wawili waliochaguliwa kwa mwaka mmoja tu, kila mmoja akiwa na uwezo wa kuzuia uamuzi wa mwenzake. Koo chache za mapatrisia ndizo zilizoushika uongozi huo pamoja na ukuhani. Raia wengine wote waliitwa waplebei, awe mkulima aliyezama katika madeni au mwenye mashamba mapana na fedha nyingi. Hadi mwaka wa 445 K.K. sheria iliwakataza watu wa pande hizo mbili hata kuoana.

Kwa hiyo waplebei hawakuwa na dhiki moja. Maskini alichokiogopa ni deni, kwa sababu aliyeshindwa kulipa aliweza kufungwa na mdai wake na kumtumikia kama mtumwa, ilhali tajiri alichokililia ni cheo. Waliungana kwa kuwa walihitajiana. Mwaka wa 494 K.K., kama wanahistoria wa Roma wanavyosimulia, walitoka mjini kwa wingi, wakapiga kambi kwenye Mlima Mtakatifu na kuliacha jiji bila askari wa kulilinda, wala hawakurudi mpaka walipokubaliwa kuwa na viongozi wao wenyewe, matribuni. Tribuni alikuwa na kura ya turufu dhidi ya uamuzi wa kiongozi yeyote, na waplebei waliapa kwamba atakayethubutu kumdhuru atauawa.

Mwaka wa 367 K.K. matribuni Gaius Licinius Stolo na Lucius Sextius walipitisha sheria kuhusu madeni, ardhi na ukonsuli kwa pamoja. Livius, mwanahistoria wa Roma, anasimulia kwamba wananchi walikuwa tayari kupitisha zile za madeni na ardhi na kuiacha ya ukonsuli, lakini matribuni hao wakakataa katakata kuzitenganisha. Mwaka uliofuata Sextius mwenyewe akawa konsuli. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo jibu la swali lako lilipo. Waplebei matajiri waliingia katika safu ya watawala, wakaoana na mapatrisia, na kwa pamoja wakawa tabaka jipya la makabaila ambao vigezo vyao vilikuwa mali na mababu waliowahi kushika ukonsuli. Cicero, aliyekuwa konsuli mwaka wa 63 K.K., alikuwa mtu wa kwanza katika takriban miaka 30 kukifikia cheo hicho bila babu yeyote aliyewahi kuwa seneta.

Kura nazo zilipangwa ili mambo yawe hivyo. Makonsuli walichaguliwa na mkutano wa raia uliogawanywa katika makundi 193 kwa kadiri ya mali, na kila kundi lilihesabiwa kuwa na kura moja bila kujali wingi wa watu wake. Katika mpangilio wa awali wapanda farasi walikuwa na makundi 18 na matajiri wa daraja la kwanza 80, jumla 98, yaani zaidi ya nusu, ilhali raia wote wasio na mali walirundikwa katika kundi moja tu, la mwisho. Upigaji kura ulisimamishwa mara wingi wa makundi ulipopatikana, hivyo mtu maskini aliweza kufika uwanja wa Mars alfajiri, akasimama katika uzio wa mbao ambao Warumi wenyewe waliuita zizi la kondoo, kisha akarudi nyumbani bila kuulizwa lolote. Hadi mwaka wa 139 K.K. kura ya uchaguzi ilitolewa kwa mdomo, mbele ya msimamizi na masikioni mwa tajiri ambaye mpiga kura alimtegemea kwa mkopo au kwa kesi yake mahakamani. Siwezi kuuita utaratibu huo utawala wa watu, ingawa nautambua ujasiri wa waliosusa mwaka wa 494.

SWALI: Je, Seneti ya Roma ilikuwa bunge kama Seneti yetu ya Kenya? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hapana. Maseneta wa Roma hawakuwakilisha kaunti wala jimbo, na kwa kawaida walikaa humo maisha yao yote. Walikuwa takriban 300, wengi wao viongozi wastaafu, na dikteta Sulla aliwaongeza hadi kufikia kama 600. Kisheria Seneti ilitoa ushauri tu, kwani sheria zilipitishwa na mikutano ya raia, lakini ndiyo iliyosimamia hazina, mabalozi na ugawaji wa majimbo, yaani nchi zilizotawaliwa na Roma, kwa magavana, na konsuli wa mwaka mmoja alifikiri mara mbili kabla ya kuwapuuza watu ambao angeishi nao siku zote zilizobaki.

SWALI: Watumwa na wanawake walikuwa na nafasi gani? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Mtumwa alikuwa mali ya bwana wake. Hata hivyo, aliyeachwa huru kisheria na bwana ambaye ni raia wa Roma naye alikuwa raia, ingawa kwa kawaida aliandikishwa katika moja ya makabila manne ya mjini kati ya makabila 35 (makundi ya kupigia kura, si ya ukoo), ili kura yake isiwe na uzito.

Mwanamke huru alikuwa raia asiyepiga kura wala kugombea, lakini hakuwa bubu. Sheria ya Oppius ya mwaka wa 215 K.K., iliyotungwa wakati wa vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Karthago, ilimkataza mwanamke kumiliki zaidi ya nusu aunsi ya dhahabu, kuvaa nguo za rangirangi au kupanda gari mjini isipokuwa kwa ajili ya ibada. Mwaka wa 195 K.K., vita vikiwa vimekwisha, wanawake walijaa katika barabara zote zilizoelekea Forumu, uwanja mkuu wa mji, wakiwasihi wanaume waifute, huku Konsuli Cato akiwapinga vikali. Matribuni wawili waliokusudia kuilinda sheria hiyo kwa kura ya turufu walikuta milango yao imezingirwa, na wanawake hawakuondoka mpaka wawili hao waliposalimu amri. Makabila yote yakapiga kura ya kuifuta.