Doria ya saa moja kila asubuhi: iache kabla hujaianza

Ratiba hiyo ichane leo. Umeandika, ndugu yangu, kwamba wiki ijayo unapelekwa kulinda barabara, ukauliza kuhusu chandarua, posho na viatu, kisha ukataja kwa kupitia tu kwamba doria yako itatoka kila asubuhi saa moja kamili. Hilo ulilolipitia ndilo lililomkata mwenzangu mguu.

Mwaka 2003 nililinda kipande cha barabara ya Karuma kwenda Pakwach, njia kuu ya kuingia West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakati magari ya raia yalipokuwa yakisubiri kusindikizwa na jeshi kwa sababu waasi wa Joseph Kony walikuwa wakivizia nyasini. Kila asubuhi tulitoka saa moja na kufuata ukingo ule ule, hata miguu yetu ikachora kijia chembamba kando ya barabara. Koplo aliyenipokea alinihakikishia kwamba kijia kinachokanyagwa kila siku ndicho salama kuliko vyote, na hadi leo sijamsamehe, kwa kuwa alilisema kama mtu mwenye hakika, nasi wageni tukamwamini kuliko macho yetu.

Siku hiyo niliona umande umepukutika kwenye nyasi ambazo hakuna mtu wetu aliyezipitia, na hatua chache mbele udongo wa kijia ulikuwa umelowa mahali padogo, upana wa sahani, ilhali kwingine kote ulikuwa mkavu. Nilifungua mdomo nikaufunga, kwa sababu tulikuwa tumechelewa na nilitaka tuufikie mti wetu wa kupumzikia kwa wakati uliozoeleka. Aliyetangulia akakanyaga bomu lililofukiwa hapo. Nilimfunga paja kwa mkanda wa bunduki yake, naye akawa ananiuliza kama kiatu chake kingali mguuni.

Adui hakuhitaji jasusi. Ilimtosha kulala nyasini siku chache akituhesabu. Basi leo toka alfajiri, kesho mchana, keshokutwa jioni. Badilisha ukingo, badilisha mahali pa kupumzika, na anayetangulia asimame kila anapoona udongo umeguswa, hata kama msafara mzima unasubiri nyuma yake. Ukiamriwa kutoka saa moja kila siku, mwombe afande wako nafasi ya kuzungumza, kisha umweleze habari za kijia hiki.