Maswali na Majibu: Barua ya Uhamisho, Kuku wa Mnada na Mengine ya Usharikani

Barua za safari hii zimenifikia kwa njia nyingi. Baadhi ziliachwa ofisini kwa mtunza ofisi, nyingine zilikuja kwa simu, na mbili nilikabidhiwa mkononi Ngamiani nilipokuwa nikichagua mihogo. Nimezifupisha bila kuzigeuza. Wanaosoma wakumbuke kwamba mimi ni mwinjilisti mstaafu na si msemaji wa dayosisi: penye kanuni ya Kanisa nitaitaja, na penye maoni yangu nitasema kuwa ni yangu.

Bwana Yesu asifiwe, Mwinjilisti. Nilihamia Tanga kikazi kutoka Bukoba. Huu ni mwezi wa nne nasali ibada ya kwanza na hakuna aliyeniuliza jina. Nifanye nini nihesabiwe kuwa msharika? Halafu mbona utaratibu wa hapa haufanani na wa kwetu? (Mgeni, Chumbageni)

Amina, ndugu yangu, na utuwie radhi kwa hiyo miezi minne. Andikia usharika uliotoka wakupe barua ya uhamisho, ambayo hueleza kuwa umebatizwa, umepata kipaimara, na kwamba unashiriki Meza ya Bwana. Barua hiyo umkabidhi mchungaji au parishi woka, yaani mtumishi wa usharika, nao watakuandika daftarini na kukuonyesha jumuiya, yaani kikundi cha washarika wanaosali pamoja nyumbani, ya mtaa unaoishi. Ushauri wangu, hata hivyo, ni kwamba usiisubiri barua ndipo uende jumuiya. Muulize mwenye nyumba wako au muuza duka ni nyumba gani hapo mtaani Walutheri hukutana kusali, kwa sababu katika mji huu hata jirani Mwislamu anajua nyimbo zinasikika wapi na siku gani. Kanisani utakaa benchi moja na mtu mwaka mzima bila kujua anaishi wapi, lakini kwenye jumuiya ya watu kumi na wawili huwezi kukosekana mara mbili pasipo mtu kugonga mlango wako. Na mara nyingine wageni wakiombwa kusimama wakati wa matangazo, usijifiche nyuma ya nguzo.

Kuhusu tofauti za utaratibu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilizaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuungana makanisa saba, kila moja likiwa na wamisionari wake, historia yake na desturi zake. Sisi wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, yenye makao makuu Lushoto, tumetoka katika kazi iliyoanza hapa Tanga mjini mwaka 1890 na kupanda Usambara, Mlalo, mwaka uliofuata. Ninyi wa Bukoba mna njia yenu. Imani ni moja, ila msishangae tukisimama pale mlipozoea kukaa.

Shikamoo. Mimi ni kijana wa kwaya. Rafiki zangu wa makanisa mengine hunicheka kwamba Walutheri tunasali kwa kusoma kitabu, maneno yale yale kila Jumapili, na kwamba Roho hawezi kufanya kazi ndani ya ratiba. Niwajibu nini? (Kijana, Makorora)

Marahaba, mwanangu. Kwanza waulize rafiki zako kama kwao hakuna ratiba. Nimehudhuria ibada zao mara kadhaa kwa mialiko ya harusi na shukrani, na nimeona sifa huja kwanza, kisha kuabudu, kisha sadaka, kisha neno, kisha maombezi, na mwezi unaofuata mpangilio ni ule ule. Tofauti ni kwamba ratiba yao wameihifadhi kichwani na yetu imeandikwa, kwa hiyo msharika anaweza kuifuata, na hata kumkosoa mchungaji aliyeruka kipengele.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Liturgia yetu, yaani utaratibu wa ibada, ni mazungumzo: Mungu anasema, watu wanaitika. Tunaungama dhambi na kutangaziwa msamaha, tunaimba «Bwana, utuhurumie», tunasikia masomo, tunakiri Imani, tunaomba, kisha tunatumwa nyumbani na maneno ya baraka ya Haruni yaliyomo Hesabu 6:24-26. Hakuna sehemu inayotegemea mchungaji ameamkaje. Akiwa amefiwa, akiwa na homa, akiwa amekosana na wazee jana yake, msharika bado atatangaziwa msamaha wake mzima. Rangi nazo zinafundisha: ukiingia ukakuta kitambaa cha madhabahu ni cha zambarau unajua tuko Majilio (majuma ya kungojea Krismasi) au Kwaresima, nyeupe ni Krismasi na Pasaka, nyekundu ni Pentekoste, na kijani ni zile Jumapili nyingi baada ya Utatu. Bibi zetu wasiojua kusoma walihesabu mwaka wa Kanisa kwa vitambaa hivyo, na hawakukosea.

Lakini na wewe usigeuze kitabu kuwa sheria. Martin Luther, ambaye Kanisa letu limeitwa kwa jina lake, alipotoa utaratibu wa ibada kwa Kijerumani mwaka 1526, ili watu wasali kwa lugha wanayoielewa, alitahadharisha katika dibaji yake kwamba mtu asiufanye kuwa amri ya kufunga dhamiri. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ndilo tunalolikiri, linasema kwamba umoja wa Kanisa watosha ukiwa na Injili inayofundishwa kwa usahihi na sakramenti zinazotolewa sawasawa nayo, pasipo ulazima wa desturi kufanana kila mahali. Kwa hiyo usiwacheke na wewe.

Mwinjilisti, nilialikwa Sikukuu ya Mavuno nikaona kuku ananadiwa nje ya kanisa kwa bei ya kuku watatu wa sokoni, na aliyemnunua akamrudisha auzwe tena! Hii ni ibada au ni soko? (Msomaji, Pongwe)

Nimecheka, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kununua yai moja kwa nauli yangu ya kurudi nyumbani, nikatembea.

Mnada ulianzia kwa watu wasiokuwa na fedha mkononi lakini wenye shamba. Mkulima wa milimani alileta viazi, maharage na ndizi, wa Muheza machungwa, wa pwani nazi na mihogo, na mama mjane akaleta mayai mawili katika kitambaa. Usharika hauwezi kulipia umeme kwa machungwa, kwa hiyo vitu vinauzwa baada ya ibada, na kwa kuwa wauzaji na wanunuzi wote ni wa nyumba moja, bei haifuati soko. Anayempandisha kuku bei hanunui kuku, anatoa sadaka kwa kupitia kuku. Anayemrudisha anatoa sadaka na kumwachia mwenzake nafasi. Nimeshuhudia yai likizunguka hivyo mara sita hadi mpiga mnada akaogopa litapasuka, na mwisho likapelekwa kwa bibi mgonjwa likiwa ndilo yai ghali kuliko yote Mkoa wa Tanga.

Kinachonikera ni mambo mawili. La kwanza ni mpiga mnada anayemtaja mtu kwa jina, «Mzee fulani amenyamaza, au mshahara haujaingia?», ambaye anaaibisha badala ya kufurahisha, na mtu huyo mwakani hatakuja. La pili ni mnada unaoanza kabla ya baraka, au unaovuta watu mpaka saa tisa alasiri huku watoto wakilia njaa. Mnada mzuri ni mfupi na una utani usiomuumiza mtu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Wakati mwingine mtoto mchanga anazidiwa usiku na mama anaomba abatizwe. Mchungaji yuko mbali. Je, naweza? (Muuguzi, Tanga)

Unaweza, dada, na huna haja ya kuogopa. Katika hali ya hatari Mkristo yeyote anaruhusiwa kubatiza. Chukua maji safi, mmwagie mtoto kichwani ukisema jina lake, kisha: «Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.» Sali Sala ya Bwana pamoja na mama, hata kwa sauti ya chini. Asubuhi umjulishe mchungaji, ukitaja jina, saa na shahidi aliyekuwapo, ili aandikwe katika daftari la ubatizo. Mtoto akipona ataletwa kanisani kushukuru na kuombewa, lakini hatabatizwa mara ya pili, kwa maana ubatizo huo ni kamili.

Jambo moja la kulizingatia ni kwamba wodini kwenu wamelala akina mama wa dini zote. Usimbatize mtoto ambaye mzazi wake hakuomba, hata kama moyo unakusukuma. Na pale ambapo maji yalichelewa, usimwache mama akiamini kwamba mtoto wake amepotea. Mwaka 1542 Luther aliandika maneno ya faraja kwa wanawake waliopoteza mimba, akasema kuwa kuugua kwa moyo wa mama Mkristo ni sala ambayo Mungu ameisikia. Mwambie hivyo, umshike mkono.

Mama mkwe wangu ni Mwislamu na anampenda mjukuu wake kupita kiasi. Anataka awe msimamizi wa ubatizo. Sijui nimwambieje asiumie. (Mama wa mtoto mmoja, Mikanjuni)

Msimamizi, ambaye wengine humwita mdhamini, huahidi mbele ya usharika kumsaidia mtoto akue katika imani ya Kikristo, kwa hiyo ni lazima awe Mkristo aliyebatizwa. Ahadi hiyo hatuwezi kumtwika mama mkwe wako, kwani tungekuwa tunamwomba aseme asichokiamini, na huko si kumheshimu. Mweleze hivyo hivyo, wewe na mumeo, nyumbani, si kwa simu. Kisha mpeni nafasi yake ya bibi: akae benchi la mbele na familia, na mkirudi nyumbani ndiye ampokee mtoto mlangoni. Kuku na mbuzi wa siku hiyo wachinjwe na Mwislamu ili ale pilau bila wasiwasi. Tanga tumefanya hivyo tangu enzi za babu zetu na hakuna aliyepungukiwa imani kwa hilo.

Kwa nini Walutheri hupenda matarumbeta? (Mwanafunzi)

Kwa sababu waliotuletea Injili walikuwa Wajerumani wenye bendi za kupuliza kwenye sharika zao. Misheni iliyofanya kazi Tanga na Usambara ilihamishia makao yake Bethel, karibu na Bielefeld, mwaka 1906, na huko Bethel aliishi mchungaji Johannes Kuhlo, aliyejulikana Ujerumani nzima kwa bendi hizo. Sababu ya pili naijua kwa masikio yangu: kwenye maziko ya watu wengi, kinanda hakifiki makaburini.

Mwanangu yuko shule ya bweni na anakosa vipindi vya kipaimara. (Baba, Kange)

Zungumza na mwalimu wa kipaimara kabla ya mwaka kuanza, si wiki ya mtihani. Shule nyingi zina Walutheri wanaofundishwa huko huko, na masomo hayo yanaweza kuthibitishwa kwa barua. Wakati wa likizo soma naye Katekisimu Ndogo wewe mwenyewe: Luther aliiandika mwaka 1529 akiwa na wakuu wa nyumba akilini.

Kaka yangu alifariki. Kabla ya kukubali kuongoza maziko, mzee mmoja wa kanisa alitaka kwanza kuona kadi yake ya ahadi, ile inayoandikwa fedha ambazo msharika ameahidi kulitolea Kanisa. Tulizika, lakini jambo hili halijanitoka rohoni. (Mfiwa)

Pole sana, ndugu yangu. Nami nasema kwa uzito: ahadi si bei ya kaburi. Kanisa letu lilianza kwa hoja 95 za Luther za tarehe 31 Oktoba 1517, ambazo kiini chake kilikuwa kupinga kuuza vyeti vya msamaha. Warithi wa hoja hizo hawawezi kusimama mlangoni pa wafiwa wakidai stakabadhi.

Hata hivyo nataka uelewe kadi imefikaje mikononi mwa mzee yule, kwa sababu nimekuwa upande wake wa meza. Mtu anapofariki, anayeulizwa kwanza ni mzee wa kanisa wa eneo: je, huyu ni wetu? Zamani jibu lilitoka kwenye jumuiya, kwa watu waliokula naye. Siku hizi watu huhama, jumuiya zimepwaya, na mzee asiyemjua marehemu anatafuta ushahidi pale unapopatikana, yaani kwenye kadi. Kadi imechukua nafasi ya kufahamiana. Hilo ni kosa letu sisi wazee, na mgeni wa Chumbageni aliyeandika hapo juu ni shahidi wake wa pili.

Nenda kwa mchungaji ukamweleze kwa utulivu, uombe baraza la wazee litenganishe daftari la washarika na lile la fedha. Na kwa walio hai wasioweza kutimiza ahadi: mwambieni mzee wenu mapema, kwa siri. Atawasikiliza, na asipowasikiliza mpande ngazi.

Mama yangu ana miaka themanini na haoni vizuri. Miguu imekataa kupanda daladala. Je, Meza ya Bwana inaweza kumfuata nyumbani, na tuandae nini? (Binti yake, Duga)

Inamfuata, na ni haki yake. Mjulishe mzee wa kanisa, naye atapanga siku na mchungaji. Andaa meza ndogo, kitambaa cheupe kilichofuliwa, na maji ya kunywa, maana mkate huo mwembamba hugandia kooni kwa wazee. Waite watu wa jumuiya wawe hata watatu. Kitabu cha nyimbo usimpe. Muulize ataanzisha wimbo gani, kisha mnyamaze mumfuate.