Bibi Mapokezi Anajibu: Dar Nilale Wapi?

*Miaka mingi alikaa kaunta, akigawa funguo za vyumba katikati ya Dar es Salaam. Sasa anajibu barua za wasafiri.*

Shikamoo Bibi. Nampeleka mama kliniki ya moyo, Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Tunatoka Songea kwa basi. Ndugu wananishauri nitafute gesti Sinza kwa kuwa bei ni nafuu. Mama ni mtu mzima na miguu inamvimba. — Binti wa Songea

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole. Ndugu zako wamehesabu kitanda, hawakuhesabu nauli. Mgonjwa wa miguu humpandishi daladala saa kumi na mbili asubuhi, watu wanaingilia madirishani. Itabidi bajaji au teksi, kwenda na kurudi, kila mkiitwa kwa kipimo au majibu. Unafuu wote wa Sinza unaishia barabarani. Tafuta chumba Upanga, hukohuko iliko Muhimbili, hata kiwe kidogo, mama akichoka arudi kujinyoosha wakati wewe unasubiri foleni ya dawa.

Ila usiku wa kwanza msifike Upanga. Basi la Songea likiwashusha stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, giza limeshaingia na mama kakaa kitini kutwa nzima. Laleni hapohapo Mbezi, gesti zimeizunguka ile stendi. Kesho yake subirini foleni ya Barabara ya Morogoro ipungue, kama saa nne hivi, ndipo mwingie mjini. Maana yake inabidi msafiri mapema, kliniki isiwe kesho ya siku mliyofika.

Ukipiga simu kuulizia, usiseme "mna chumba?" Utajibiwa "tunacho", hata mimi nilikuwa najibu hivyo. Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi. Uliza kama jenereta inaendesha na lifti au taa peke yake, kwa sababu kuna majengo umeme ukikatika taa zinawaka lakini mgonjwa anapanda ngazi. Uliza choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Uliza kama unaruhusiwa jagi la umeme chumbani, upate maji ya moto ya uji. Wagonjwa wa moyo huambiwa wapunguze chumvi, na supu ya mtaani haimjui mgonjwa. Mama lishe ukimwahi asubuhi atakutengea maharage kabla hajayaunga, mwambie tu ni ya nani.

Na ukishaona chumba kinafaa, omba bei ya wiki. Waliokaa kaunta wanajua mgeni wa Muhimbili hakai siku moja.

Bibi, jambo. Mimi ni mchuuzi wa Lubumbashi, nakuja kufunga mzigo wa vitenge na viatu. Rafiki yangu alilala Masaki, hoteli ya bwawa la kuogelea, ananiambia Kariakoo hakuna usingizi. — Mteja wa Katanga

Rafiki yako hakukudanganya. Kariakoo adhana inakuamsha, mkokoteni unakuamsha, na usipoamka kuna spika inayotangaza soksi. Lakini muulize alifunga mzigo kiasi gani. Masaki iko kule rasini Msasani. Asubuhi foleni, jioni foleni, na katikati ya hapo mwenye duka kashampa mwingine ile rangi uliyoiweka kando.

Lala Kariakoo, kaka, ila chagua chumba cha nyuma, kisichotazama Mtaa wa Msimbazi wala wa Uhuru. Kisha uliza habari ya stoo. Hoteli nyingi za pale zinapokea marobota, lakini kuna zinazokataa yasipande vyumbani, na wewe utajua hayo saa mbili usiku, mpagazi keshayatua mlangoni anadai hela yake. Uliza stoo inafungwa na nani, ufunguo unakaa wapi, na kama wanaandika idadi ya marobota kwenye daftari. Wasipoandika, andika mwenyewe na mhudumu aweke sahihi.

Ukishamkabidhi wakala wa usafirishaji mzigo wako, nenda Masaki ukaogelee.

Shikamoo Bibi. Tumeoana juzi hapa Dodoma. Tunakuja Dar kwa treni ya SGR, tunafika usiku, na asubuhi tunapanda boti ya kwanza kwenda Zanzibar. Mume wangu anataka tulale Mbezi Beach tuone bahari. — Bi Harusi

Marahaba, na hongereni. Bahari mtaiona Unguja hadi mchoke. Mbezi Beach mtalipia mandhari ya gizani, halafu mdamke kukimbizana na boti. Laleni Kisutu au Posta. Boti zinaondokea Sokoine Drive, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, bajaji ni ya dakika chache. Tena mitaa ile jioni wanachoma kuku na mishkaki nje, hamtalala njaa.

Tahadhari moja. Mkifika kaunta mkaona bei mbili ukutani, ya kulala na ya kupumzika, shukuruni mgeuke. Milango itagongwa mpaka alfajiri na haitakuwa yenu. Na kwa kuwa mtaondoka kabla ya chai, waambieni usiku uleule wawafungie mayai na chapati, mmeshalipia.

Bibi, tuko watumishi wawili, wanaume, tuna semina Mlimani City. Tunafikiria kuchukua chumba kimoja tubane posho. — Mtumishi, Kigoma

Msione haya, nyumba nyingi za watumishi zimepauliwa kwa posho. Hapa sasa ndipo Sinza inapofaa, maana Mlimani City iko jirani. Lakini gesti nyingi zina karatasi kaunta inayokataza wanaume wawili chumba kimoja, na mhudumu wa zamu hana mamlaka ya kuibandua. Pigeni simu mapema, ombeni chumba cha vitanda viwili, na semeni wazi mko wawili. Kila mmoja aje na kitambulisho chake aandikwe kitabuni. Mkijaribu kuingia kimyakimya mtatozwa vyumba viwili usiku wa manane, na hapo hakuna posho ya kubana.