Oktoba ya Tchaikovsky: maswali yenu

Nilipotaja "Wimbo wa Vuli", kipande cha piano cha Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi, maswali yalimiminika. Haya manne yanatosha kwa leo.

Kama ni wimbo, maneno yako wapi?

Yapo, ila hayaimbwi. Mwaka 1876 jarida la muziki la Nuvellist, la St Petersburg, lilitoa vipande 12 vya Tchaikovsky, kila mwezi kimoja. Mwenye jarida, Nikolai Bernard, ndiye aliyeviagiza, na ndiye aliyechagua beti za kuwekwa juu ya noti. Oktoba, ndio huu "Wimbo wa Vuli", ilipata mistari ya Aleksei Tolstoy (siyo Leo Tolstoy wa riwaya nene, huyu ni ndugu yake wa mbali): bustani inapukutika, majani ya manjano yanakwenda na upepo.

Vuli si mvua? Huzuni yote hii ya nini?

Hapo wafasiri wametuponza. Vuli yetu ni mvua fupi, watu wanashika majembe na vumbi linatulia. Oktoba ya Urusi ni kinyume: miti inabaki mifupa, mchana unafupika, theluji iko njiani. Ningeulizwa mimi, ningekiita "Wimbo wa Mpukutiko". Sikuulizwa.

Mimi ni mwanakwaya, nasoma do-re-mi tu. Nitakiweza?

Utakiweza, na pengine utawashinda wenye vyeti. Ufunguo wake ni D maina. Kwa lugha yako, do ni F na wimbo unatua kwenye la. Vidole havikimbizwi. Kazi iko kwenye sauti: mkono wa kulia unaimba, sauti ya chini inaitikia, kama sauti za soprano na tenor zinavyopokezana, na noti za katikati zinanong'ona tu. Tchaikovsky mwenyewe ameandika juu, kwa Kiitaliano, kwamba kipigwe taratibu, kwa uchungu na kwa kuimba sana. Wengi wanashika uchungu na kusahau kuimba. Wanakanyaga pedali tangu mwanzo hadi mwisho, kila noti uzito uleule, na muziki unageuka tope. Funga kinanda kwanza, uimbe kwa mdomo. Pale unapovuta pumzi, weka alama ya penseli. Hapo ndipo mkono unyanyuke.

Nimesikia Tchaikovsky alikuwa akisahau kutunga kipande cha mwezi, mpaka mtumishi amkumbushe kila mara. Ni kweli?

Rafiki yake Kashkin ndiye aliyeisimulia, na ni tamu. Lakini Januari na Februari alizituma pamoja, Desemba 1875, kabla jarida halijaanza kuzichapa. Huyo si mtu wa kusukumwa na mtumishi. Na wakati huohuo alikuwa anamalizia muziki wa baleti ya Swan Lake.

Aliyeuliza asikilize nini baada ya hiki: Juni, ile Barkarola (wimbo wa wapiga makasia). Kisha Novemba, wenye kengele za farasi, ambao mpiga piano Rachmaninoff aliurekodi.