Mwalimu mpya, usingoje furaha ije yenyewe

Ukiingia shule yako ya kwanza Nairobi, iwe Kayole, Kibra au Eastleigh, huenda ukakabidhiwa watoto 60 au zaidi, watatu watatu kwenye dawati, pamoja na makaratasi ya kujaza: maazimio ya kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, rejista. Walimu wapya wengi huwa wamechoka kufikia likizo ya Aprili, ingawa wao wanawapenda watoto kwelikweli. Kinachowachosha ni kwamba jua linatua bila wao kuona mtoto hata mmoja aliyesonga mbele. Kwa hivyo, ukitaka furaha katika kazi hii, ipange ili maendeleo hayo uyaone kwa macho, kila siku.

Anza na majina. Chora ramani ya madawati kwenye karatasi moja, andika nani ameketi wapi, ujifunze majina 10 kwa siku. Siku sita za shule, watoto 60 unawajua. Usiwahamishe viti kabla hujamaliza. Anayeitwa "wewe wa nyuma" mwezi mzima hatakawia kuanza fujo ili ajulikane.

Gredi ya 4 hadi ya 6, kipindi ni dakika 35. Ondoa 5 za kutulia na kufungua vitabu. Mwalimu mgeni hujaribu kusukuma mambo matatu ndani ya zile 30 zilizobaki, kisha analalamika kuwa hawakushika. Funza moja. Tuseme ni Kiswahili, na darasa zima linasema "kitabu yangu imepotea", kama watu wasemavyo mtaani. Usiwacheke wala usiwakemee. Mtoto aliyeaibishwa hufunga mdomo, nawe utakosa cha kurekebisha. Andika ubaoni "kitabu changu kimepotea", na chini yake "vitabu vyangu vimepotea". Pigia mstari ki, ch, ki, halafu vi, vy, vi. Uliza wanaona nini, kisha nyamaza sekunde 10 nzima. Kimya hicho kitakutisha mara ya kwanza, lakini ndicho kinachompa mtoto mzito wa kusema nafasi ya kufikiri. Baadaye kila mmoja aguse kitu, kiatu, kifutio, kiti, amwambie jirani sentensi yake.

Dakika 5 za mwisho waandike sentensi mbili kwenye robo ya karatasi, na wakukabidhi kengele ikilia. Zigawe mafungu matatu: waliopata, waliokaribia, bado. Hutumii zaidi ya dakika 10, kwa sababu unatafuta jambo moja tu. Fungu la "bado" ndilo linaloamua utaanza na nini kesho.

Daftari nazo zina hesabu yake. Daftari 60 kwa dakika 2 kila moja ni saa 2, na hapo ni somo moja. Ndiyo maana rundo hupanda matatu jioni, hulala nyumbani, hurudi shuleni asubuhi bila kuguswa, na mwenyewe hakulala vizuri kwa kulifikiria. Sahihisha 15 kwa siku, hapo hapo shuleni. Siku ya nne darasa limeisha. Shughulikia aina moja ya kosa kwa wiki. Ukurasa uliojaa wino mwekundu mtoto hausomi, anaufunga tu.

Kuhusu kiboko: kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakikataza. Hata hivyo utaambiwa kwenye chumba cha walimu kwamba darasa kubwa halitulii bila kiboko. Tafadhali usikubali. Hutulia kwa mazoea: kazi iko ubaoni kabla hawajaingia, na ishara ya mkono ya kunyamaza ni ile ile Jumatatu hadi Ijumaa. Mvua ya masika ikipiga mabati usishindane nayo kwa sauti, utaumwa koo wiki nzima. Weka tayari kazi ya kusoma wawili wawili au ya kuandika.

Mikopo, kwa kifupi: ukiajiriwa, wakopeshaji watakuandama. Usitie sahihi kabla ya mshahara wa tatu. Mwenye madeni humaliza kipindi akiwa kwenye simu na wanaomdai.

Mwisho, nunua daftari la kurasa 96. Kila Ijumaa chagua vikaratasi vitatu kutoka fungu la "bado", vibandike humo upande wa kushoto, uandike jina na tarehe. Wiki tatu baadaye, bandika upande wa kulia sentensi mpya za watoto wale wale. Kushoto pameandikwa "kiti yangu imevunjika". Kulia, kwa mwandiko ule ule uliopinda, "kiti changu kimevunjika". Mwite mtoto, mfungulie ukurasa huo, umwache atazame mwenyewe.