Pointi za chakula Disney haziishi kila usiku

Dada, umeuliza kama pointi za chakula za Disney hukatika saa sita usiku kama bando ya siku. Hapana, hazikatiki. Pale Walt Disney World, zile bustani za burudani za Florida, Marekani, pointi za chakula ulicholipia mapema huhesabiwa kwa idadi ya usiku mtakaolala, kisha za chumba kizima hutiwa kapu moja. Mkilala usiku 5 kwa mpango wa chakula ulio mkubwa, kila mtu ana milo 5 ya kuhudumiwa mezani, 5 ya kujichukulia kaunta na vitafunio 5. Leo msiguse hata moja, kesho mle mara tatu, ni sawa tu. Zinakufa usiku wa manane wa siku ya kuondoka, na zikibaki hurudishiwi pesa.

Nilienda na familia ya kaka. Salio lilikuwa linachapwa chini ya risiti, na jioni ya mwisho tulijikuta tunachukua peremende za kubeba hadi Nairobi ili tumalize vitafunio. Pointi ya kitafunio usiipoteze kwa chupa ya maji. Kaunta za vyakula hukupa maji ya barafu bure ukiomba.

Kinachouma ni bahashishi, kwa kawaida haimo, na Marekani watu huacha asilimia 18 hadi 20. Mikahawa ya kifahari nayo hukata pointi 2 kwa mlo mmoja. Halafu kila aliye na miaka 3 na zaidi chumbani lazima awe kwenye mpango, hata yule anayekula chipsi tatu na kusema ameshiba.