Ni Mungu Yupi Anayekanwa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama na mzee wa kanisa hapa Voi. Mwanangu wa kwanza alirudi likizo kutoka chuo kikuu, na siku ya pili tu akakataa kuongoza sala ya chakula. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa adabu kwamba hamwamini Mungu anayehesabu makosa ya watu na kuleta mvua kwa sababu ameombwa, ingawa anakubali kuwa ipo nguvu inayouendesha ulimwengu. Mchungaji wetu anasema kijana amekuwa mkana Mungu. Mjomba wake anasema nisihangaike, kwani nguvu hiyo ndiyo Mungu mwenyewe, basi tu kijana hajui kumtaja. Nimsadiki nani?

JIBU: Mama, asante kwa barua yako, ambayo umeiandika kwa uchungu lakini bila hasira. Niseme mapema ninakosimama: mchungaji ameharakisha kutoa hukumu, ila mjomba, ambaye maneno yake ndiyo yanayokufariji, amekosea zaidi.

Tangu kale watu wamekuwa wakibandikwa jina la mkana Mungu, na mara nyingi kosa lao lilikuwa kutomwabudu Mungu wa yule aliyewabandika. Wakristo wa kwanza waliitwa hivyo katika dola ya Kirumi, kwa kuwa walikataa kuitolea sadaka miungu ya dola. Katika karne ya 2, Polikarpo, askofu wa Smirna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, alifikishwa mbele ya liwali uwanjani, akaamriwa aape kwa Kaisari na kusema, "Waondolewe wakana Mungu." Mzee yule aliukazia macho umati wa wapagani uliojaa uwanjani, akaunyoshea mkono, akaugua, akatazama mbinguni, kisha akayatamka maneno yale yale akiwakusudia wao. Hakuachiliwa, aliuawa. Kwa hiyo jina hilo peke yake halitakueleza mwanao anaamini nini, mpaka ujue ni Mungu yupi anayemkataa.

Hata serikali yetu haijatusaidia sana katika jambo hili. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, watu 755,750 waliandikwa katika fungu moja la wasio na dini na wasioamini Mungu. Humo amewekwa anayesema kwa uhakika kwamba hakuna Mungu, pamoja na anayesali kila usiku bila kuwa na kanisa wala msikiti. Hao ni watu wa aina mbalimbali kabisa, na wapo pia wanaosema kwamba jambo hili haliwezi kujulikana, kwa hiyo hawathibitishi wala hawakanushi.

Mwanao, kwa jinsi ulivyomweleza, yuko karibu na Baruch Spinoza, mwanafalsafa aliyefukuzwa na jumuiya yake ya Kiyahudi mjini Amsterdam mwaka 1656, akiwa na umri wa miaka 23. Spinoza alifundisha kwamba Mungu na maumbile si vitu viwili, na kwamba kila kitokeacho hutokea kwa sheria zisizopinda, kwa hiyo hakuna kusudi la kimungu linaloweza kubadilishwa kwa dua. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mkana Mungu, wakati wengine walimwona kama mtu asiyeona chochote ila Mungu. Mwaka 1929, Albert Einstein alipoulizwa na rabi mmoja wa New York kama anamwamini Mungu, alijibu kwa simu ya maandishi kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, anayedhihirika katika mpangilio wa ulimwengu, wala si Mungu anayejishughulisha na hatima na matendo ya wanadamu.

Hapo ndipo mjomba anapoteleza. Tukilipanua jina la Mungu mpaka lienee kila nguvu na kila sheria ya maumbile, hatabaki mtu yeyote asiyeamini, lakini ushindi huo hautakuwa na faida, kwa sababu huyo siye Mungu unayemlilia usiku mtoto anapougua. Mtunga Zaburi anauliza katika Zaburi ya 94, "Aliyelitia sikio mahali pake asisikie?" Jirani zako Waislamu nao wanasoma katika Sura ya 42, aya ya 11, kwamba hapana kitu kama mfano wa Mungu, na aya hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba Yeye ni Mwenye kusikia, Mwenye kuona. Dini zote mbili zinakiri kwamba Mungu hafanani na chochote tunachokijua, na hata hivyo hazikubali kumwacha awe nguvu isiyosikia. Kumwambia kijana kwamba anaamini bila kujijua ni kumnyima heshima ya kusikilizwa, maana yeye amefikiri na amekuambia wazi kile anachokikataa.

Kwa hiyo, mama, ukitaka kujua mwanao yuko wapi, usimuulize kama Mungu yupo, kwa sababu atakujibu ndiyo au hapana na mtakuwa mmezungumza juu ya vitu viwili tofauti. Muulize kama nguvu hiyo anayoitaja inamjua yeye, na kama inapendezwa au kuchukizwa na lolote analolitenda. Akisema hapana, ukubali kwamba kwa sasa haamini kama unavyoamini wewe, wala usimtafutie jina la kulifunika jambo hilo. Akisita, msikilize zaidi, pengine kinachomsumbua ni mahubiri fulani aliyoyasikia kuhusu adhabu, na hilo mchungaji anaweza kulizungumza naye akiwa tayari kuulizwa maswali magumu. Sala ya chakula iongozwe na mtu mwingine nyumbani. Kijana akae mezani na wenzake, ale, wala asilazimishwe kutamka asichokiamini, kwa kuwa sala ya namna hiyo hata wewe, mzee wa kanisa, usingeikubali.